Mtoto wa Msitu na Mashine

Mwanakombo alikuwa akigeuza dagaa juu ya chanja, nyuma ya nyumba yake pale Ujiji, wingu lilipozaliwa juu ya paa la jiko. Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali, dagaa wameshaanza kulia kama majani makavu ukiwapitishia mkono. Wingu lilikuwa na ukubwa wa mbuzi jike na rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Lilijinyoosha, likateremka hadi usawa wa chanja, likakojoa.

"Haya," alisema Mwanakombo, akaenda kutafuta turubai.

Wazazi wa wingu hawakuwa siri. Kila siku jua likipanda, msitu ulioko milimani juu ya Kalinzi hupumua, na pumzi yake yenye harufu ya majani mabichi na utomvu huteremka polepole kuelekea ziwani. Zamani ilikuwa ikipita juu ya mji bila kusimama, kama mwanamke mwenye heshima zake. Ikifika ziwani inanawa, inarudi na mvua ya watu wote. Lakini Telesphory alipofunga mashine ya kusaga unga jirani na Mwanakombo, yenye injini ya dizeli na bomba linalotema moshi mweusi, pumzi ya msitu ikaanza kuchelewa njiani. Watu waliiona ikizungukazunguka pale kwenye bomba, inaongea na moshi.

Mzee Abdulatif, mwenyekiti wa mtaa, alieleza vizuri. Pumzi ya miti ikikutana na moshi wa dizeli chini ya jua kali, alisema, vinashikana na kuwa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na mvuke wa ziwa ukipata chembe za kukalia, unazikalia. Hapo tayari kuna mtoto. Aliyasema hayo huku akichagua bamia.

Wingu lilinyesha kila mchana, na halikunyesha popote ila kwenye chanja za Mwanakombo. Akizihamisha, linamfuata. Dagaa akinyeshewa mara moja hupoteza mng'ao, akinyeshewa tena kichwa kinakatika, na akiendelea hivyo hata paka wa Ujiji, ambao si wachaguzi, wanampita. Wanunuzi waliotoka Kalinzi walinusa, wakakunja pua, wakahamia kwa wengine. Mwanakombo alikuwa mjane asiye na shamba. Msimu ukiisha namna ile, chanja zake zingebaki kuwa kuni.

Siku ya saba ndipo alipokosea.

Wingu lilikuwa limeota nywele ndefu zilizoning'inia mpaka kwenye dagaa na kuwadondoshea maji. Mwanakombo aliona kwamba likipunguzwa nywele litadondosha kidogo. Akaleta wembe na bakuli la maji, akasema bismillahi, akalinyoa taratibu akianzia kulia, akizunguka kwa uangalifu pale utosini panapodunda. Nywele zilianguka zikawa umande. Sasa, mikono iliyolea watoto sita ina mazoea yake, na mdomo nao vilevile. Kichwa kimenyolewa, siku ni ya saba, mdomo ukatangulia ukamwita Yusra. Akapika na ubwabwa, majirani wakala. Tangu hapo Yusra hakulala tena juu ya jiko. Aliingia ndani, akachagua juu ya kabati la vyombo, upande wenye vikombe vya wageni.

Jirani yake Stephania, aliyezaliwa Kalinzi na asiyependa mambo ya kunyamaza, alimwambia mtoto ana baba, na baba ana mashine, basi amchukue. Kesi ikapelekwa kwa mwenyekiti.

Walikaa barazani kwake alasiri. Telesphory alikuja na unga kwenye nyusi. Upande wa mama ulichelewa kidogo, kwa kuwa hauna pikipiki, kisha baraza nzima ikajaa harufu ya majani yaliyolowa na watu wakasogea kwenye mkeka kuupa nafasi. Msitu ulizungumza Kiha cha milimani, chini chini, ikabidi Stephania autafsirie.

"Anasema hamkatai mtoto," alisema. "Ila kwake nako kunakatwa. Wachoma mkaa wamefika mpaka chumbani. Atamlaza wapi?"

Mzee Abdulatif akamgeukia Telesphory.

"Moshi wangu unapita tu, mwenyekiti," alisema Telesphory. "Hata mabasi yana moshi. Mbona hamyaiti?"

"Basi msikilize mwenyewe anavyokohoa," alisema Stephania.

Yusra, aliyekuwa amekaa mapajani kwa Mwanakombo akimlowesha kanga, akakohoa. Alikohoa puh, puh, puh, halafu kimya, halafu puh moja kubwa, sawasawa na injini ya Telesphory ikiwashwa asubuhi. Watu wote wakakubali kwamba amefanana. Telesphory mwenyewe alitazama kandambili zake.

Kisha Telesphory akauliza, bila haraka, "Nani alimnyoa?"

"Mimi," alisema Mwanakombo.

"Na jina?"

"Mimi."

"Ubwabwa uliliwa kwa nani?"

Mzee Abdulatif akakuna kidevu. Yeye alirudia sahani. Akaamua, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, kwamba mtoto hukaa aliponyolewa, na akamwomba Telesphory walau arefushe bomba. Telesphory akasema ataliangalia. Hata viatu havijavaliwa vyote, mashine ilishaanza kunguruma.

Siku hizi Mwanakombo ana utaratibu. Jua likifika kichwani anamwachia Stephania dagaa awageuze, anajifunga kanga ya pili, na kumtembeza mtoto mpaka Mwanga sokoni. Yusra anamfuata juu ya bega, akiwanyunyizia mafundi cherehani waliokaa barazani, nao wanasogeza vitambaa bila kuinua macho. Dagaa wanapata jua lao. Wanunuzi wa Kalinzi wamerudi.

Wakipita mbele ya mashine, Yusra hupunguza mwendo. Telesphory huegesha mlango nusu na kusema, "Shikamoo, bibi," na Mwanakombo huitikia, maana salamu haina kosa. Pikipiki zinateremka kutoka milimani na magunia ya mkaa. Kila wiki Mwanakombo anapomkausha Yusra kwa taulo, anasikia harufu ya majani imepungua, na taulo limezidi kuwa jeusi.

Juzi alirudi kutoka sokoni akamkuta Stephania amesimama na turubai mkononi. Juu ya paa la jiko palikuwa na kiwingu kingine, kidogo, saizi ya kuku, kimejikunja. Kilikuwa kinakohoa. Yusra alipanda, akakaa kando yake.

Mwanakombo aliwatazama wote wawili, akatazama bomba, akatazama milima. Kisha akaingia ndani kutafuta wembe.