Kipimo Kilichovishwa Kitambaa

Kwa hasira sijambo, sikatai. Lakini kipimo kile cha joto nilikitengeneza kwa mapenzi, kwa ajili ya kaka yangu mkubwa, Zvidzai.

Zvidzai ana kisukari. Kila mwezi alipanda basi hadi hospitali ya mkoa kufuata insulini, siku mbili kwenda na kurudi, kwa sababu zahanati yetu haikuaminiwa tena kuitunza. Kipimo cha joto cha friji yao kilikuwa cha betri, na kila siku ya mpira betri zilihamia kwenye redio. Dawa nyingi iliharibika humo na hakuna aliyejua.

Mimi nafundisha umeme chuo cha ufundi, na kabati langu limejaa vikokotoo vilivyokufa. Kile kijikioo cheusi juu ya kikokotoo, kinachogeuza mwanga kuwa umeme, hakidai jua. Taa ya dari inakitosha. Nikaunganisha vinane, umeme wake ukaingia kwenye kapasita inayoweka akiba: mchana inashiba, usiku inajitafuna. Kuchomeka ukutani sikutaka. Umeme ukikatika friji inalala, na hapo ndipo kipimo kinatakiwa kiwe macho. Kiliandika joto kila dakika kumi, na likipita nyuzi nane kilipaswa kulia.

Sista Gumbochuma, mkuu wa zahanati, alinipa wiki moja na friji yenye chupa za maji tu. "VaMadzivire, afisa wa dawa wa mkoa, anakuja Ijumaa," akasema. "Akikuta wiki nzima imeandikwa, insulini inarudi. Asipokuta, Mai Nyaradzai, usiniletee tena vijisanduku vyako."

Hadi Jumatatu jioni mambo yalikuwa shwari. Jumanne na Jumatano nilisimamia mitihani. Alhamisi nilipofika, kipimo changu kilikuwa kimevaa kitambaa cheupe cha kufuma, kimetandazwa kwa ustadi pande zote.

Nilijua mkono wa nani. Mbuya Chengeto, bibi anayesafisha zahanati, amefumia vitambaa simu, jagi la maji na hata mizani ya watoto. Kwetu redio isiyo na kitambaa iko uchi. Hata televisheni yangu ina kitambaa alichokifuma yeye, na bado sikuliwaza hilo.

"Mbuya, nani amekifunika hiki?"

"Mimi, mwanangu. Kitu kizuri hivi unakiachaje uchi, na vumbi lote hili?"

"Kinakula mwanga! Umekinyima chakula tangu lini?"

"Tangu Jumanne. Hee! Sasa ningejuaje? Kina mdomo?"

Nilikinyakua kitambaa, uzi ukafumuka. Mwanamke wa umri wa mama yangu, nami namharibia kazi yake mbele ya wagonjwa! Alikiokota, akakikunja, akaondoka.

Nikafungua kumbukumbu za kipimo. Hakikuwa kimekufa. Nilikuwa nimekielekeza kikiwa na njaa kilale, kikipata chochote kiamke, kiandike, kilale tena. Mwanga uliopenya matundu ya kitambaa ulikitosha kuandika mara moja kwa saa mbili, pengine tatu.

"Tujaze nafasi hizo," Sista akanong'ona. "Namba tu, Mai. Nani atajua?"

Nitakuwa mwongo nikisema nilikataa palepale. Nilimfikiria Zvidzai kwenye basi, nikasema nitafikiri. Kulipokucha Ijumaa nilikuwa na jibu: dawa anayojidunga kaka yangu haitalindwa kwa namba za kubuni. Nikaenda kwanza kwa Mbuya, nikapiga magoti, nikapiga makofi ya heshima, nikaomba radhi.

"Inuka," akasema. "Hasira hizo zitakupasua kifua. Uzi nimeshaurudishia."

VaMadzivire alipofika alisoma polepole karatasi niliyochapa kumbukumbu zile. Kidole chake kikasimama. "Hapa katikati palikuwa na nini?"

Nilifungua mdomo nijibu. Sauti ikatoka mlangoni, kwenye ndoo na tambara.

"Palikuwa na mimi, baba."

Mbuya akaeleza yote. VaMadzivire akacheka hadi akavua miwani, kisha akakigeukia kipimo. "Kivisheni tena."

"Mkuu?" nikauliza.

"Kitambaa. Kila zahanati ninayokwenda ina Mbuya wake. Kama kitambaa kinakiua kipimo hiki, hakinifai."

Kikavishwa. Akaufungua mlango wa friji, akauacha wazi, akaweka ndani kipimajoto chake cha kioo, tukaketi. Chai ikaja, ikaisha. Kipimajoto chake kilisoma nyuzi tisa, kisha kumi. Changu kimya. Nilitamani ardhi inimeze.

"Kimelala, Mai," Sista akasema taratibu. VaMadzivire alikuwa ameshafunika kalamu yake.

Ndipo kikalia. Kililia kwa sauti nyembamba yenye kukera, na Mbuya akakijibu kwa vigelegele.

"Kimechelewa," VaMadzivire akasema, akiifunua kalamu. "Lakini kimeamka. Vya betri vikifa haviamki." Akatia saini. "Na wewe Mbuya, kuanzia leo kitambaa kikae chini yake, si juu."

Insulini ililetwa Jumatatu iliyofuata. Zvidzai alitoka kwa miguu asubuhi, akarudi na dawa yake kabla sijamaliza kusonga sadza, ugali wetu. Miaka minne, siku ya insulini, nilikuwa nakula peke yangu nikihesabu kona za barabara ya kwenda hospitali ya mkoa. Siku hiyo nilipakua sahani mbili, nikalia juu ya mboga bila haya, na kaka yangu akaniuliza kama nimezidisha pilipili.