Kompyuta Kuukuu na Hesabu ya Mto

Mwalimu wa somo la maji pale chuoni alikuwa amechoka hata kabla kazi yenyewe haijaanza. Alikuwa na darasa lililojaa hadi mlangoni, mume dereva wa lori aliyeonekana nyumbani kama mgeni, na mama mkwe aliyeishi peke yake karibu na mto na hakutaka kusikia habari ya kuhama. Juu ya hayo yote, alikuwa na hesabu isiyokwisha. Alitaka kujua mto ukifurika, maji yatapita wapi, nyumba kwa nyumba. Kompyuta ya ofisini kwake ikipewa kazi hiyo ilihema siku nenda siku rudi, kisha ikaganda.

Aliomba mashine kubwa. Mkuu wa idara, mtu mpole aliyezoea kukataa, alimtazama kwa huruma.

"Mwalimu, hilo nalo tutaliangalia," alisema, na wote wawili wakajua kwamba limekwisha hapo.

Ndipo alipoikumbuka stoo ya nyuma. Maabara ilipoletewa kompyuta mpya, zile za zamani zilirundikwa humo, na tangu hapo hakuna aliyeziuliza hali. Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta ambaye watu walimwita Waya, kwa kazi yake na kwa wembamba wake.

Waya alifungua mlango wa stoo, akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka.

"Shem, hii ni stoo au makaburi?"

"Zinaweza kufufuka?"

"Baadhi. Nyingine zimechoka kuliko wewe."

Alichokitaka mwalimu kilikuwa rahisi kukisema. Kompyuta moja kuukuu haina nguvu, lakini nyingi zikifungwa pamoja kwa waya zinaweza kugawana hesabu moja. Kila moja inachukua kipande chake cha bonde, inapiga hesabu, kisha inamwambia jirani yake maji yamefika wapi. Kukitenda ndiko kulikowatoa jasho.

Kila alasiri, akimaliza kufundisha, mwalimu alivua viatu vya darasani akavaa ndala. Walifungua makasha, wakapuliza vumbi, wakatoa mayai ya mjusi. Zilizokufa kabisa zilitolewa viungo vikapewa zilizo hai. Waya alifanya kazi huku akinung'unika, na mwalimu akamwacha anung'unike, kwa sababu hakuwa na nguvu za kumbembeleza.

Siku walipoziwasha zote kwa pamoja, umeme ukakatika jengo zima. Mhasibu akatoka ofisini kwake na kalamu sikioni.

"Ni nyinyi tena?"

"Ni sisi," alijibu mwalimu.

Ikabidi fundi umeme wa chuo awavutie laini ya peke yake. Kisha likaja joto. Wakayaacha makasha wazi na kuazima feni kila ofisi iliyokubali. Hesabu ikaanza kwenda, lakini ikawa inasuasua, hadi Waya alipogundua kompyuta moja ya pembeni iliyokuwa ikienda polepole kuliko wenzake. Kwa kuwa kila moja lazima isubiri habari ya jirani, zote zilikuwa zinaisubiri hiyo. Aliichomoa. Mwalimu akaiangalia ikitolewa, akaionea wivu.

Asubuhi ramani ya mafuriko ilipokamilika, walikuwa wawili tu mle stoo. Rangi ya buluu ilitoka mtoni, ikaupita uwanja wa mpira, ikaifunika nyumba ya mama mkwe.

"Rudia," alisema Waya.

"Nimesharudia. Nimepunguza mvua, nimerudia tena."

Waya alivuta kiti akakaa. Mwalimu aliipeleka ramani kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye aliipokea kwa mikono miwili na kuanza kupita nyumba kwa nyumba siku hiyo hiyo. Nyumba moja aliwaachia wao.

Mama mkwe aliwasikiliza huku akikunja nguo.

"Nani kasema maji yatafika hapa?"

"Kompyuta, mama," alisema mwalimu.

"Zile mlizookota stoo?"

"Zile zile."

"Yaani vitu vilivyotupwa ndivyo vinanifukuza kwangu."

Mwalimu alikuwa amejiandaa kueleza. Alikuwa na michoro mfukoni. Badala yake alijikuta amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani.

"Mama, mimi nimechoka. Kila mvua ikinyesha nakuwaza wewe. Nikiwa darasani nakuwaza, nikipika nakuwaza. Sina tena nguvu za kukuwaza ukiwa mbali."

Mama akaacha kukunja.

"Kumbe unaniwaza," alisema. "Mimi nilidhani mnataka kiwanja."

Waya alicheka kwanza, halafu mama mwenyewe. Akakubali kuhamia kwa mkwewe, ila mpaka mvua ziishe tu, na kitanda chake kisiguswe.

Maji yalikuja wiki hiyo hiyo. Ramani ilisema yangefika dirishani, nayo yakaishia magotini. Hakuna aliyekufa mtaani. Waliporudi kutazama, mama alisimama kwenye tope akiangalia alama ya maji ukutani.

"Mmenihamisha kwa ajili ya maji ya magotini?"

Halafu akaingia chumbani. Ukuta wa nyuma ulikuwa umelala juu ya kitanda. Mama akaokota sufuria kwenye tope, akaifuta kwa kanga, akampa mkwewe ambebee.

Mwalimu alizunguka mtaa mzima akipima alama za maji kwenye kuta, ili hesabu isikosee tena kiasi kile. Akarudi nazo stoo, miguu imejaa tope lililokauka. Kompyuta nyingine mbili zilikuwa zimekufa. Waya alikuwa ameshaanza kuzifungua.

"Shem, nenda nyumbani ukalale. Hizi niachie mimi."

"Nyumbani mama yako anapanga jiko langu upya. Tangu asubuhi."

Waya akaguna, akamsogezea kiti kilichokuwa karibu na feni. Mwalimu akakaa, akafumba macho.