Ng'ombe Asiye na Nundu

Ng'ombe wangu hakuwa na nundu. Ndilo kosa lenyewe, na nalikiri mapema nisije nikaonekana najitetea. Mchapishaji mmoja wa Dar es Salaam alinipa hadithi ya watoto niichoree picha, akanitumia na picha za ng'ombe wa kuigia, wale wa maziwa wa Ulaya, weusi kwa weupe, mgongo umenyooka kama benchi la kanisani. Mimi ni Mpimbwe, mtoto wa mkulima wa mpunga. Kwetu ng'ombe ni mnyama wa kufukuza, si wa kukagua. Nikachora nilivyotumiwa, kitabu kikatoka, watoto wa mjini wakakipenda.

Shida ilianza nilipokipeleka nyumbani Majimoto.

Tulikuwa wachoraji watatu wa vitabu vya watoto, tumepanda basi la alfajiri kutoka Mpanda: mimi Pelagia, rafiki yangu Mercy, na Dieudonne, ambaye akichora ndege unataka kumrushia mtama. Aliyetuita ni Mwalimu Sylvanus wa shule ya msingi niliyosoma. Chumba cha kusomea cha shule hiyo kilikuwa na kuta za udongo tu, mwaka wa tatu hazina paa, na mvua za Novemba zilikuwa njiani kuja kuzimaliza. Mpango wetu ulikuwa rahisi. Siku ya mnada, watu wakiwa wengi, tuchore kwenye uwanja wa shule mbele ya kila mtu, na anayependa picha aichukue kwa kutoa kitu cha kuezekea.

Hadi saa sita picha za Dieudonne za ndege hondohondo zilikuwa zimeleta mbao, na Mercy alikuwa amechora sura za watoto wa watu mpaka tukapata misumari ya kutosha. Mabati hatukupata hata moja. Kila mtu alikuwa anamsubiri Mzee Kashinje, mfugaji mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale, aliyemwambia mwalimu kwamba atakuja aone kwanza.

Mimi nilikuwa namjua Mzee Kashinje. Yeye hakunijua.

Nikiwa na miaka tisa nilikuwa nalinda ndege kwenye mpunga wetu. Mchana akaingia maksai mmoja, peke yake, akaanza kula bila haraka, huku namrushia madongo na kulia. Nilimsogelea mpaka nikaona jicho lake. Pembe ya kushoto ilikuwa imeanguka kuelekea jichoni, sikio la kulia limechanjwa mara mbili, nundu imelala upande kama kofia ya mlevi. Alipotosheka akaondoka, na nyayo zake zikaenda moja kwa moja hadi zizini kwa Kashinje. Kwenye baraza la kijiji Kashinje alisema hana maksai wa namna hiyo. "Mtoto kaota kwa jua kali," akasema, watu wakacheka, na baba yangu Bartolomeo akatoka pale na jina la mzushi. Tangu siku hiyo, mkutanoni baba hukaa nyuma kabisa na hasemi neno.

Watu huniuliza nilianzaje kuchora. Huwa nasema nilipenda rangi. Nadanganya. Jioni ile nilichukua mkaa jikoni nikamchora yule maksai kwenye ukuta wa nyumba yetu, ili watu waje wamwone waamini. Hakuna aliyekuja, na kabla ya Krismasi mama akausiriba ukuta kwa udongo. Nilianza kwa hasira, na hasira hiyo sijaimaliza.

Kashinje alifika na fimbo yake, akaketi kiti cha mbele alichowekewa, akafungua kitabu changu. Alipofika ukurasa wa ng'ombe akamwonyesha jirani yake.

"Huyu kaugua nini?"

Wafugaji waliomzunguka walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

"Mwalimu," Kashinje akasema, "mnataka niezeke nyumba wajukuu zangu wafundishwe huyu? Watarudi nyumbani waniambie ng'ombe wangu wana majipu mgongoni."

Mwalimu Sylvanus akaanza kueleza habari za elimu na maendeleo. Nikamkata.

"Ni kweli, mzee. Nimekosea."

"Basi chora, mayu." Aliniita hivyo kama Wasukuma wanavyomwita mwanamke kwa heshima, ila ya kwake ilikuwa na utani ndani. "Chora ng'ombe ambaye mfugaji akimwona atasema huyu namjua. Ukiweza, mabati yote naleta mimi. Ukishindwa, nyie rudini Mpanda na makaratasi yenu."

Mercy alinikanyaga mguu, maana anajua siwezi kuchora ng'ombe. Lakini kuna ng'ombe mmoja ninayemweza. Nikageuka nikamtafuta baba. Alikuwa nyuma kabisa, kwenye benchi la ukutani, anatazama viatu vyake.

"Na mfugaji akimjua," nikauliza, "atamtaja mbele ya watu?"

"Mfugaji hamkani ng'ombe wake."

"Hata kama alishakufa zamani?"

"Hata huyo. Mayu, unachora au unahoji?"

Mwalimu alikuwa ameegemeza ubao mkubwa mweupe kwenye nguzo ya goli. Nikachukua mkaa. Nilianza na nundu ili wanyamaze, na walinyamaza. Nikashuka mgongo, mapaja, mkia. Mkono haukuuliza njia. Nilipoiangusha pembe ya kushoto kuelekea jichoni, Kashinje akasogeza kiti. Nilipochanja sikio la kulia mara ya kwanza, akashika fimbo. Nilipochanja mara ya pili, akasimama.

"Greda," akasema polepole. Kisha akawageukia wenzake kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu yake stendi. "Huyu ni Greda. Maksai wangu Greda. Tumehama naye kutoka Shinyanga. Hilo sikio nimelichanja mimi kwa mkono wangu. Katika maksai wangu wote wa jembe hakuna aliyemfikia."

Macho yalimlowa. Nusura nimwonee huruma, Mungu anisamehe.

"Wewe ulimwona wapi Greda?" akaniuliza. "Amekufa ukiwa mdogo sana."

"Nilimwona kwenye mpunga wetu, mzee. Mimi ni Pelagia wa Bartolomeo."

Hata wauza ndizi wakaacha kuita. Mtenda husahau, mtendwa hasahau, ila siku ile na mtenda alikumbuka, nilimwona anakumbuka. Bibi Prisila, aliyekuwapo kwenye baraza lile la zamani, akasema, "Kumbe maksai huyo alikuwa naye." Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa miaka ishirini na miwili.

Ndipo baba akainuka. Alipita katikati ya watu taratibu, akaja akasimama mbele ya ubao. Nilidhani atalia, au atampiga mtu. Alimtazama yule maksai kuanzia mkia hadi pembe.

"Umesahau kitu, Pela," akasema. "Mdomoni alikuwa na mpunga."

Akaniokotea mkaa, maana ulikuwa umenidondoka. Nikachora mpunga, mashuke yananing'inia pande zote mbili za mdomo, na kicheko kikaanzia kwa wanawake kikaenea uwanja mzima. Wafugaji nao walicheka.

Kashinje hakucheka. Alivua kofia, akamsogelea baba.

"Bartolomeo. Mtoto hakuota. Nilijua siku ileile. Nilikuwa na ng'ombe wengi na akili kidogo."

"Sema kwa sauti," baba akamwambia. "Wa nyuma hawajasikia. Nawajua wa nyuma, nimekaa nao muda mrefu."

Mwalimu Sylvanus akampa kipaza sauti. Mzee Kashinje akarudia yote, neno kwa neno, na sauti ikafika hadi kwenye zizi la mnada. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuipata kwa kitabu chochote. Nililia mbele za watu na sikuona haya.

Mabati yaliletwa Alhamisi kwa pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mkono lenye tela, na wana wa Kashinje ndio waliopanda juu kupigilia. Sisi watatu tulibaki siku mbili zaidi, tukamhamishia Greda kwa rangi kwenye ukuta wa ndani, mkubwa, na nundu yake iliyolala. Kashinje alikuja kutazama. Akaomba kama inawezekana tupunguze mpunga kidogo. Baba akasema haitoki hata punje moja.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata na kuta zilibaki kavu. Mwezi huohuo ukafanyika mkutano wa kijiji. Mwalimu alinipigia simu Mpanda kunieleza kwamba baba alikaa benchi la mbele, akanyoosha mkono kwenye ajenda ya kwanza, na akaongea mpaka mwenyekiti akamwomba akae na wengine waseme.