Karatasi Aliyoigeuza Mzee Telesphor

Mzee Telesphor, mwenye mashine, alipovua miwani, Emerensiana aliona kazi inamponyoka. Alikuwa ameomba utunzaji wa ghala kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Shanwe, na Jumatatu alitia saini kuruhusu historia yake ya mikopo ikaguliwe.

"Kuna mkopo wako haujalipwa, mama. Mwaka wa pili huu."

 Mzee akaigeuza karatasi ya ukaguzi ikamwelekea Emerensiana.

"Ningeweza kukupigia simu tu, niseme nafasi imejaa. Lakini mtu aone kilichoandikwa juu yake. Soma."

Alisoma, akaukumbuka mwaka ule. Wifi yake Fausta, mkulima wa Usevya, hakuwa na kitambulisho cha taifa, na mbegu zilikuwa zinahitajika. Emerensiana akampa chake akope, kama mtu anavyoazima sufuria ya harusi. Baadaye Fausta alisema amelipa. Sasa angeweza kukana, aseme ametapeliwa.

"Jina ni langu, mzee. Shamba ni la wifi yangu. Nilimuazima kitambulisho."

"Kitambulisho nacho huazimwa?"

"Kwetu tunaazimana hata watoto."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Nakupa hadi Jumamosi. Leta ushahidi."

Jumamosi Fausta alishuka basi la asubuhi, stakabadhi kaifunga kwenye pindo la kanga. Alikuwa amelipa deni lote baada ya mavuno. Wakopeshaji ndio hawakurekebisha kumbukumbu zao.

"Wifi, ulidhani nimekula?"

"Nilidhani kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama debe."

"Debe zima! Na mimi nimekuletea kuku."

Mzee Telesphor aliwapigia wakopeshaji palepale, wakakiri kosa. Kisha akasukuma funguo za ghala mezani.  Emerensiana akazipokea kwa mikono miwili, amepiga goti kidogo.

"Sasa niazime hizo funguo nikaone ghala lako," Fausta alisema walipotoka.

"Haziazimwi. Njoo nikufungulie mwenyewe."

Tangu siku hiyo, mkulima akileta mpunga, Emerensiana haandiki uzito akafunga daftari. Hulizungusha kwanza juu ya meza, likamwelekea mwenye magunia, naye hungoja kimya mpaka amalize kusoma.