Maiti wa Kila Alhamisi

Kabla sijafikisha miaka thelathini nilikuwa nimekwishapigwa risasi, kuchomwa mkuki, kunyongwa, kufukiwa ndani ya handaki la reli na kutupwa kutoka juu ya paa la dobi, na yote hayo ilikuwa kazi yangu ya halali. Naitwa Chester Mah. Nilizaliwa Los Angeles, Mtaa wa Wachina, katika chumba kilicho juu ya jiko la mgahawa wa baba yangu, na mwaka huo wa 1973 nilikuwa maiti anayetafutwa kuliko maiti wote wa California. Sisemi hivi kwa kujivuna. Haya, najivuna kidogo. Kulala chali kwenye vumbi huku nzi anakutalii puani na wewe hupepesi jicho ni kipaji, na Mungu hakukigawa kwa kila mtu.

Tamthilia yenyewe ilirushwa kila Alhamisi jioni. Ilimhusu mtawa wa Kichina anayezurura peke yake katika nchi ya makauboi, kofia ya majani kichwani na bakuli la mbao mkononi, hataki ugomvi na mtu. Kila wiki ugomvi unamtafuta hadi unampata. Anatukanwa, ananyamaza; anatemewa mate, ananyamaza; halafu karibu na mwisho uvumilivu unamwishia, miguu inaanza kuruka, na hapo ndipo Amerika nzima ilipokuwa ikivuta viti karibu. Aliyemwigiza mtawa ni Dale Rourke, kijana wa Nebraska, mpole kweli, mwenye macho ya kijani ambayo kila asubuhi yalivutwa kwa gundi mpaka yakawa ya Kichina kwa maoni ya wenye tamthilia. Sisi ambao macho yetu hayakuhitaji gundi tulikuwa wachimba reli, wafua nguo na marehemu.

Tulikuwa na mchezo wetu. Mwandishi hakujua neno hata moja la Kichina, kwa hiyo kwenye karatasi aliandika tu: “Wanakijiji wanalia kwa Kichina.” Kulia tulilia, lakini maneno tulijitungia. Shangazi Dolly Kwan, ambaye alikuwa mjane kitaaluma kama mimi nilivyokuwa maiti, aliwahi kujigaragaza mbele ya nyumba inayoungua akipiga mayowe ya kukata maini, kumbe anatusimulia jinsi suruali ya mwongozaji ilivyochanika alipokuwa akipanda farasi. Nami nilikuwa nimelala miguuni pake, na mkuki kifuani. Maiti akicheka, picha inarudiwa. Ndio maana nasema ni kipaji.

Mtaa wa Wachina wote ulikuwa ukitazama. Hawakumtazama mtawa, walikuwa wakisikiliza sisi tumemsema nani wiki hii. Mtu mmoja tu hakutazama, na huyo ni baba.

“Sikuvuka bahari,” alikuwa akisema, “ili mwanangu auawe na kauboi kila Alhamisi.”

“Baba, ni kuigiza.”

“Kufa chali unaita kuigiza? Hata samaki wangu wanaweza.”

Basi siku moja nikapanda cheo. Nikapewa mtu mwenye jina. Nilikuwa niigize mpishi mzee wa kambi ya reli ambaye, kumbe, zamani alikuwa mkuu wa hekalu huko China. Mtawa anamkuta hoi hemani, mzee anampa usia wa mwisho, halafu anakata roho. Ndiyo, nilikuwa nife tena, lakini safari hii ningekufa taratibu, kamera ikiwa usoni, baada ya kusema. Nilikimbia kumweleza baba kama mtu aliyeteuliwa kuwa waziri.

Baba alikuwa akikata vitunguu. Hakuinua kichwa.

“Utasema nini?”

“Sala. Kwa Kichina.”

“Wewe?” Sasa kisu kilisimama. “Wewe uliyekuwa unatoroka shule ya Jumamosi kwenda kucheza besiboli? Utamwomba nani, huyo mungu atakuelewa?”

“Nitajifunza.”

Baba alifuta mikono kwenye aproni yake, akaniangalia kuanzia utosini hadi kwenye viatu. “Haya. Nitaleta televisheni hapa mgahawani na kuwaita wazee wote wa ukoo. Nikikuona mtu mle ndani, mtu mzima mwenye maneno yake, sitakusumbua tena mpaka nife. Nikiona upuuzi, kesho yake unavaa hii.” Akaitikisa ile aproni. “Na unaivaa mpaka ufe wewe. Kikweli, siyo kwa kauboi.”

Tukapeana mikono. Nilikuwa na uhakika wa kushinda, jambo ambalo lilipaswa kunishtua.

Nilikwenda kwa Mwalimu Fong, yule yule niliyemtoroka utotoni, nikamwomba sala fupi ya kale. Alinipa. Ilikuwa nzuri, nadhani. Mimi Kichina changu ni cha jikoni, naweza kumkaripia muuza samaki lakini siwezi kumuaga mtu anayeelekea mbinguni. Niliikariri bafuni, kwenye basi, kwenye foleni ya posta. Mwalimu Fong akasema nikiitamka kwa haraka inakaribia kueleweka.

Siku ya kupiga picha wakanivalisha ngozi ya mpira kichwani niwe na upara, wakanibandika ndevu ambazo nusu yake iliingia puani. Nikalazwa hemani chini ya taa kali mithili ya kuku wa kuoka. Dale alipiga magoti kando yangu, akanishika mkono, akaninong'oneza, “Utaweza, rafiki.” Mwongozaji, Bwana Hutchins, akainama karibu. “Chester, nataka kitu cha kale,” akasema. “Kitu kinachotoka mbali.” Akarudi nyuma ya kamera, akatoa amri.

Sala ikatoka kichwani mwangu kama mteja aliyeona bei. Nilitafuta neno la kwanza, halipo. La pili, halipo. Kamera inazunguka, Dale ananitazama kwa macho yake ya gundi, jasho linatambaa chini ya ule mpira. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe, na yaliyotoka, kwa Kichina cha kijijini kwetu, polepole, kwa sauti ya mzee aliyechoka, ni haya:

“Zima gesi. Rudi uangalie kama umeizima, una kichwa laini kama tofu wewe. Bata waliobaki wafunike, paka wa jirani ni mwizi. Maji machafu usimwage mlangoni kwa Bibi Lum. Funga mlango wa mbele. Taa ya nyuma iache. Mama yako yuko njiani, na gizani haoni vizuri.”

Dale akainamisha kichwa, chozi likamdondoka. “Nimekusikia, Mwalimu,” akasema, kama alivyoandikiwa. “Njia ya kweli haina mlango.”

Nikafa. Nilikuwa natamani iwe kweli.

Maneno yale ni ya baba. Ndiyo anayonimwagia kila jioni anapofunga mgahawa, tangu nina kimo cha meza, na huyasema bila kupumua kama mtu anayehesabu sahani. Hilo la gesi na la paka halina neno. Tatizo ni la taa. Mama alikuwa akishona katika kiwanda cha nguo na kurudi kwa kupitia uchochoro wa nyuma, macho yake yameisha kwa sindano. Aliugua na kufariki nilipokuwa sekondari. Baba akamzika, akafungua mgahawa, na jioni ile ile akasema yale yale, na taa ya nyuma ndani yake. Hajaacha mpaka leo. Hatukuwahi kumwambia kitu. Tunaiacha taa, tunapanda kulala, kila mtu anajifanya hakusikia. Ilikuwa siri ya nyumba yetu, nami nilikuwa nimeigawa kwa Amerika nzima, nimevaa ndevu.

“Naomba turudie!” nikaruka kutoka kifoni.

“Turudie?” Bwana Hutchins alikuwa anapenga kamasi. “Mpiga picha analia, wewe unataka turudie? Haya, hema livunjwe!”

Shangazi Dolly, aliyekuwa amekaa pembeni akisubiri zamu yake ya ujane, alinivuta sikio. Yeye hakuwa anacheka.

“Wee Chester. Ile ya mwisho ni ya mzee wako, siyo?”

“Ndiyo.”

“Na atatazama?”

“Yeye na ukoo mzima.”

“Basi kajifunze kukata vitunguu, mwanangu,” akasema.

Siku zile za kungoja sikulala vizuri. Aproni haikuwa inaniogopesha sana. Nilikuwa nikimwona baba akikaa mbele ya wazee wenzake na lile la moyoni mwake likitoka kwenye sanduku, kwa sauti yangu, likifuatiwa na tangazo la sabuni. Mara kadhaa niliamua kumwambia mapema. Kila nilipoingia jikoni na kufungua mdomo, nikaishia kuomba supu.

Alhamisi ikafika. Baba alivaa koti lake la harusi za watu. Televisheni aliiweka juu ya kaunta, kando ya tangi la samaki, na wazee wakabanana mezani wakitafuna njugu. Baba Mdogo Yun, mdogo wake baba, bingwa wa kuchokoza watu, alikaa mbele kabisa.

“Yuko wapi? Ni yule pale?”

“Yule ni farasi, Yun,” baba akasema.

Mtawa akazurura, akatukanwa, akanyamaza. Akaingia hemani. Na pale kitandani, sura nzima ya televisheni, nikawa mimi. Wazee wakapiga meza. Nilimwona baba akinyoosha mgongo, kidevu juu, na moyo ukaniuma. Nikafungua mdomo mle ndani.

“Zima gesi,” nikasema.

Mgahawa ukalipuka. Baba Mdogo Yun alicheka mpaka njugu zikamtoka. “Kaka! Huyo ni wewe! Mtoto amekuiga mpaka kikohozi!” Kwenye paka walikuwa wanashikana mabega. Kwenye mlango wa Bibi Lum, Bibi Lum mwenyewe akasimama na kuinama kwa heshima. Hata baba mdomo ulianza kumcheza pembeni.

“Taa ya nyuma iache. Mama yako yuko njiani, na gizani haoni vizuri.”

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wamemjua mama. Kwa muda nilisikia pampu ya tangi la samaki tu, na Dale akimwambia baba yangu kwamba njia ya kweli haina mlango. Kisha yakaingia matangazo, mama mmoja wa Kizungu akanusa shuka kwa furaha. Baba akainuka, akaelekea jikoni bila kumtazama mtu.

Nilimfuata. Sikujua la kufanya, kwa hiyo nilichukua aproni kwenye msumari na kuivaa. Baba alikuwa amesimama penye mlango wa nyuma, amenipa kisogo.

“Nani kakufundisha maneno yale?”

“Wewe, Baba.”

“Umeruka mchele.”

“Mchele?”

“Loweka mchele. Unakuja baada ya gesi, kabla ya bata. Kila siku nasema loweka mchele.” Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kukaripia. “Kumbe ulikuwa unasikiliza. Miaka yote nilidhani naongea na sufuria.”

“Baba, kuhusu taa… sikukusudia. Ilitoka tu. Nisamehe.”

“Unadhani sijui kwamba amekufa?”

Akajigonga kifua kwa kidole.

“Nilimzika mimi, Chester. Sijachanganyikiwa. Nisiposema mimi, atasema nani?” Akaiangalia ile taa ya uchochoroni, imeshawashwa ingawa jua lilikuwa bado halijazama vizuri. “Sasa na wewe umesema,” akasema. “Tena kwa watu wengi.”

Nililia. Naandika hivyo waziwazi kwa sababu kwenye picha sijawahi kuweza kulia, wananitiaga matone. Baba alinisogelea, nikadhani ananikumbatia. Alikuwa anafungua kamba za aproni.

“Vua. Umevaa kinyumenyume. Mtu hawezi hata kuvaa aproni, nitampa jiko langu?” Akaitundika msumarini, akaipigapiga ikae sawa.

“Kaka!” Baba Mdogo Yun akaita kutoka mbele. “Imerudi! Njooni, bado hajamaliza kufa!”

Tukatoka. Kwenye televisheni mzee wa hemani alikuwa akivuta pumzi za mwisho, ndefu mno. Nilizitia chumvi, nakiri. Wazee wakaanza tena. Mmoja anasema ndevu zimekaa upande, mwingine anauliza kama nalipwa kwa kila pumzi, Yun anatafuta nzi puani mwangu. Mimi mwenyewe nilitaka kucheka. Baba alikaa kwenye kiti chake, akasogea mbele mpaka pua yake ikakaribia kioo, kisha akapiga kaunta kwa kiganja hadi samaki wakatawanyika.

“Nyamazeni!” akasema. “Mwanangu anakufa.”

Wakanyamaza wote, nami nikafa.