Wembe wa Bahati

Siku Magesa alipokwenda kumchangia damu mkewe Bhoke, aliyekuwa amejifungua kwa upasuaji, alifura kwa hasira. Nesi Loveness alikuwa amemwita pembeni na kumwambia damu yake haifai, ina virusi vya homa ya ini.

"Mimi? Mchimbaji mzima wa dhahabu wa Nyarugusu, nashinda na nyundo kutwa, niumwe ini?" Akamporomoshea nesi wa watu matusi mbele ya wagonjwa. Aibu gani ile!

Loveness hakununa. Alimweleza taratibu kwamba virusi hivyo hukaa kimya miaka na miaka, vikiliachia ini makovu, na saratani ikianza haiumi. "Ukisubiri tumbo livimbe na macho yawe manjano, kaka, umechelewa. Njoo upigwe ultrasaundi kila miezi sita." Kisha akamuuliza kama aliwahi kuchanjwa chale.

Magesa akanywea. Alichanjwa kifuani na mganga, yeye na wenzake sita wanaochimba naye duara moja, ili shimo lao litoe dhahabu. Wembe ulikuwa mmoja, ukawazunguka wote saba.

Angeachwa mwenyewe asingerudi ng'o. Ila Bhoke, aliyepimwa akakutwa salama na kupewa chanjo, alimsimamia ameze dawa na kumburuta hospitali kila miezi sita, mtoto mgongoni, mume akilalamika njia nzima. Safari ya nne picha ikaonyesha uvimbe, mdogo kama punje ya karanga. Magesa alilia hadharani.

Alifanyiwa upasuaji Mwanza. "Tumeuwahi," daktari alisema, na neno hilo Magesa alilirudia mpaka Bhoke akamwomba apumzike.

Alipopata nguvu alikwenda hospitali kwa Loveness na jogoo kwapani.

"Dada, nilikutukana."

"Nilishasahau."

"Mimi sijasahau. Mwanangu ana baba kwa sababu yako. Asante sana, dada yangu."

Nyuma yake walisimama wanaume sita, wamenuna. Mmoja wao, Masele, akaguna, "Sisi wazima bwana, tunapoteza muda tu."

Magesa akafunua shati. Kifuani palikuwa na vichale viwili, vidogo, huwezi kuviona usipoonyeshwa. Chini ya mbavu kovu lilikata tumbo upande hadi upande.

"Wembe ule ule, Masele," akasema. "Kunja mkono wa shati, upimwe damu."

Masele akakunja.