Mkono wa Kulia wa Fundi Saa

Chumba alichopanga Kitinda kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazama ukuta wa jirani, karibu kiasi kwamba ukinyoosha mkono unaugusa. Kwa mwanafunzi wa upigaji picha, mtu ambaye riziki yake itatokana na mwanga, hapo si mahali pa kujivunia. Lakini ndicho chumba kilichokuwa kimebaki, naye akakichukua bila kunung'unika.

Kitinda ni jina la nyumbani, kwa kuwa yeye ndiye kitinda mimba, wa mwisho kuzaliwa kwao. Huku chuoni hakuna aliyelijua. Huku alikuwa "yule dada wa kamera kubwa." Mwaka wa pili ulikuwa unaisha na watu aliozoeana nao walikuwa watatu: mlinzi wa geti, kijana wa duka la kuchapisha picha, na mama wa chumba cha pili aliyemgongea ukuta apunguze redio. Redio yenyewe aliiwasha ili chumbani pawe na mtu anayeongea. Alikuwa mpweke, tusizungukezunguke, na upweke wake alikuwa ameshauzoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana.

Asubuhi hiyo alikuwa na kazi moja. Hadi saa sita mchana awe amemkabidhi mwalimu picha zake kumi, tano za sura na tano za mwendo, na chini ya kila picha aeleze alichokifanya na kwa nini. Muhula uliopita mwalimu alikuwa amezipitia picha zake, akazirudisha na kusema, "Safi. Lakini hazina mtu ndani." Alinusurika kufeli kwa unywele. Safari hii mambo yalikuwa yamegeuka. Kati ya picha za darasa zima, mwalimu alikuwa amechagua moja ikuzwe iwe na ukubwa wa mlango, itundikwe mbele kabisa kwenye maonyesho, nayo ilikuwa ya Kitinda.

Ilikuwa picha aliyoipiga alipokwenda nyumbani, ya baba yake, fundi saa, amekaa nyuma ya meza ya kazi kibandani kwake. Uso umetulia, kila unywele wa nyusi unahesabika. Mkono wa kushoto umeshika saa. Mkono wa kulia, wenye kibano, umekuwa ukungu mtupu, kama mvuke juu ya sufuria.

"Mkono huu umeuachia uende," mwalimu alimwambia mbele ya wenzake. "Picha ya sura yenye mwendo ndani yake. Ulikusudia?"

Darasa zima likageuka kumtazama. Ndani ya miaka miwili ilikuwa mara ya kwanza.

"Ndiyo, mwalimu. Nilikusudia."

Uongo ulimtoka mwepesi kama kikohozi. Ukweli ni kwamba siku ile hata hakuuona huo mkono. Sasa ilibidi auandikie uongo wake maelezo, na uongo ukishaandikwa huwa unadai viatu, kofia na fimbo ya kutembelea.

Alianza na zile za mwendo, maana ndizo rahisi. Waendesha baiskeli kwenye kona. Wasichana wanaoruka kamba. Mpagazi anayerusha gunia. Mbwa anayejikung'uta maji. Kipa anayeufuata mpira. Zote alizipiga kwa kasi ya juu kabisa, kutoka mbali, kwa lenzi ndefu. Alipozipanga mezani alizichoka yeye mwenyewe. Kipa alikuwa amening'inia hewani kama shati lililoanikwa. Mpagazi ungedhani amelishikilia gunia tangu juzi. Watu waliokuwa wakihema na kutoka jasho, yeye alikuwa amewagandisha wote, tena bila kumuuliza hata mmoja jina. Akaandika hivyohivyo: "Niliwasimamisha. Nilikuwa mbali." Angalau huo ulikuwa ukweli.

Saa nne ikapita. Akaigeukia ya baba.

Alikuwa ameshatunga la kusema: kibanda kina mwanga hafifu, kwa hiyo aliiacha kamera ifungue jicho lake kwa nusu sekunde nzima, ndiyo maana mkono ukaacha ukungu. Sentensi nzuri, ya kitaalamu. Ilibaki kuangalia tu kasi halisi, ambayo kamera huihifadhi pamoja na kila picha. Akaifungua kwenye kompyuta, akasoma.

Haikuwa nusu sekunde. Ilikuwa sehemu moja ya sitini ya sekunde.

Akasoma tena. Kwa kasi hiyo, mtu anayekupungia mkono ndiye atakayetoka na ukungu. Mzee aliyekaa kitako ametulia, hatoki hivyo. Na kama ni kamera iliyotikisika, basi mkono wa kushoto nao ungetikisika, na nyusi, na shingo ya fulana. Vyote vilikuwa vimetulia. Kilichokuwa kinakwenda ni mkono wa kulia peke yake.

Siku ile alipiga picha arobaini na tatu. Akazifungua zote, moja baada ya nyingine, safari hii bila kujali mwanga. Mkono wa kulia uko mfukoni. Uko chini ya meza. Umekandamizwa na wa kushoto. Uko mfukoni tena. Kikombe cha chai mbele yake kimejazwa nusu, na katika kila picha ni nusu ileile, kama cha mtu anayeogopa kumwaga. Na fulana, je? Baba yake alikuwa mtu wa mashati, mtu wa kufunga vifungo hadi cha shingoni hata siku ya mapumziko, mpaka mama akawa anamtania kwamba atazikwa na tai. Kitinda alikuwa amekaa mbele yake siku nzima, na lenzi inayohesabu nyusi, asijiulize vifungo vimeenda wapi.

Halafu akakumbuka meseji. Baba alikuwa na tabia ya kumwandikia meseji ndefu, zenye nukta na mkato kama barua ya ofisini. Miezi minne sasa hakuandika tena, alipiga simu tu, dakika mbili, umekula, umelala, haya. Kitinda alikuwa amekasirika moyoni. Alijiambia kuwa baba naye amemchoka, na akaanza kuchelewa kupokea.

Aliona aibu hadi masikio yakapata moto. Akachukua simu.

"Kitinda," baba akaitikia. "Leo umepiga wewe. Kuna nini?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kuna nini?"

"Mkono wako, baba. Wa kulia."

 Kwenye simu zilisikika saa za kibandani, zile za ukutani, kila moja na mdundo wake.

"Umefanyaje?" baba akauliza.

"Unatetemeka. Nimeuona kwenye picha."

"Umeuona lini?"

Angeweza kudanganya tena. "Leo," akasema. "Sasa hivi."

Baba akavuta pumzi. "Mimi nilidhani uliuona siku ileile. Nikasema, mtoto ameona, amenyamaza kwa heshima. Nikangoja labda utasema ukishafika huko. Wiki ya kwanza nikangoja, ya pili nikangoja. Basi, nikasema, hataki kulizungumza."

"Sikuona, baba."

"Na mimi nilikaa pale ili uone." Alisema bila kulaumu, na hilo ndilo lililomkata maini. "Unajua mimi picha sizipendi. Lakini kusema nilishindwa. Mama yako amekwenda kumlelea dada yako mapacha, nikimwambia ataacha wale watoto arudi mbio. Nikafikiri, huyu kazi yake ni kutazama, atatazama. Siku nzima niliuficha, mazoea tu. Mwishoni nikajikaza, nikautoa mfukoni, nikauweka mezani."

"Hospitali umekwenda?"

"Nimekwenda. Wanasema ni mishipa ya fahamu. Hauponi, ila kuna vidonge vya kuutuliza. Wakati mwingine unavisikia, wakati mwingine unavidharau."

"Na kazi?"

Baba akacheka kidogo, kicheko cha kufunika kombe. "Hiyo picha unayo hapo? Itazame ile saa niliyoshika."

Kitinda akaivuta picha karibu kwenye kompyuta, akaikuza mpaka saa ikajaa kioo. Ilikuwa kasha tu. Ndani hamkuwa na mashine, hamkuwa na hata gurudumu moja. Siku nzima baba yake alikuwa amekaa mbele ya kasha tupu, na yeye akapiga na kupiga.

"Mwanangu, unalia?"

"Nalia."

"Lia, halafu unawe uso." Kisha akauliza: "Hiyo picha wamesemaje huko?"

"Wanataka kuikuza na kuitundika mbele ya watu wote. Wanadhani nilikusudia. Nitawaambia waitoe."

"Waitoe kwa nini? Waambie aliyekusudia ni mimi."

Alicheka katikati ya machozi, nao ukawa mchanganyiko usiopendeza kusikia. Mama wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Nakuja leo," akasema. "Nikishakabidhi kazi, napanda basi."

"Njoo. Mlango utaufungua mwenyewe, ufunguo siku hizi unanisumbua."

"Nije na kamera au niiache?"

Baba akafikiri. "Njoo nayo. Lakini ukifika, iweke chini kwanza."

Ilikuwa imebaki nusu saa. Kitinda akazifuta zile sentensi zake za kitaalamu, zote, nusu sekunde na mwanga hafifu, akaandika upya chini ya picha ya baba yake. Mwalimu aliyasoma maelezo hayo amesimama mlangoni mwa ofisi, akayasoma mara ya pili, kisha akaketi. Yaliandikwa hivi:

"Sikukusudia chochote. Baba alitoa mkono mfukoni ili niuone, nami nikaupiga picha."